Gari la Parokia na Joto la Mlima



Wapendwa waamini, tangu Jumapili iliyopita wengi wenu mmenisimamisha nje ya kanisa mkiniuliza mambo mawili: kama ni kweli kwamba gari la parokia limeacha kuchemsha, na kama ni kweli kwamba dereva wetu hataachishwa kazi. Maswali hayo kwa hakika ni swali moja. Nimeona afadhali niyajibu hapa kwa utulivu, kuliko kuyajibu nusu nusu huku watoto wa altare wakinisubiri na chetezo.

Kwa ajili ya wale wanaotusoma wakiwa mbali, nianze na gari lenyewe. Ni Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya aina ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ambayo kiwandani haikuwekewa tabo. Injini za namna hiyo zilianza kutengenezwa mwaka 1990, na yeyote aliyewahi kufanya kazi katika misheni au hospitali za vijijini anazifahamu kwa uvumilivu wake. Mwaka 2019, kabla sijahamishiwa hapa, mfadhili mmoja mwema alilipia gari lifungwe tabo ili liweze kuvuta tela la maji. Karakana iliyopewa kazi hiyo ilifunga tabo, ikaweka mbele ya rejeta kile kipozea hewa ambacho mafundi hukiita intakula, ikafungua pampu ili itoe dizeli nyingi zaidi, na mwisho ikapachika ngao ya chuma na taa mbili kubwa za duara. Gari likapata nguvu ambayo halikuwa nayo. Rejeta ikabaki ile ile.

Kuhusu tela hakuna haja ya maneno mengi. Zahanati ya masista kule juu mlimani hukaukiwa na maji tangu Agosti hadi mvua za kwanza. Kisima cha parokia kipo huku bondeni. Mama anayekwenda kujifungua hufuatana na ndugu zake wakiwa na ndoo kichwani, na sista mkunga aliwahi kuniambia kwamba usiku mmoja alinawa mikono kwa maji yake ya kunywa, chupa moja, kwa ajili ya akina mama wawili. Basi gari linaposimama katikati ya mlima likitoa mvuke, yule anayesubiri huko juu hana nafasi ya kucheka kama wanavyocheka wapita njia.

Na lilisimama mara nyingi. Wanaopita Kitonga wamezoea kuona malori yamefunuliwa boneti kando ya barabara, na sisi tulikuwa na Kitonga yetu ndogo kila wiki. Gasketi ya silinda hedi ilibadilishwa mara mbili. Pampu ya maji ikabadilishwa. Fedha ya mavuno ikaenda huko. Mwishowe, kama ilivyo kawaida yetu wanadamu vipuri vinapokwisha, tukaanza kumtafuta mtu.

Katika kikao cha Halmashauri ya Walei yaliletwa mashtaka matatu juu ya dereva. La kwanza, kwamba hupanda mlima kwa gia ndogo, injini ikilia hadi inasikika kijiji cha pili, na kwa namna hiyo anaiua. La pili, kwamba huwasha hita ndani ya gari saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, akina mama wa WAWATA wakiwa wamebanana humo na vitenge vyao. Mmoja alisema kwa uchungu kwamba alidhani anaandaliwa kwa ajili ya toharani. La tatu, kwamba anapopumzika njiani huacha injini ikiunguruma, akichoma bure dizeli ya parokia. Pendekezo likawa aachishwe, atafutwe kijana.

Mzee huyo ameshika usukani wa parokia hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Alisimama, akatusalimu "kamwene", akasema, "Baba Paroko, mimi sina shule ya kueleza. Ila mkitaka, pandeni naye huyo kijana." Akaketi. Nami niliomba uamuzi uahirishwe kwa majuma mawili.

Siku zile nilikuwa nasoma tena kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anapomtembelea mkwewe Musa jangwani. Mara nyingi tunahubiri juu ya shauri alilolitoa, la kuweka wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi ili wasaidie kuamua kesi za watu. Tunapita haraka juu ya kile kilichotangulia. Yethro alikaa akatazama. Alimwona Musa ameketi peke yake na watu wamemzunguka tangu asubuhi hadi jioni, akauliza ni kazi gani ile na kwa nini inafanyika hivyo, akasikiliza jibu. Ndipo akasema kwamba wote wawili, Musa na watu wake, watachakaa. Hakusema Musa ni mvivu, wala hakumwombea nguvu zaidi. Aliona kwamba mzigo ni mzito kuliko njia zilizopo za kuupunguza.

Kwa hiyo tulimwita fundi mwingine, kijana kutoka Makambako, naye (Mungu ambariki) hakuanza kwa kufungua chochote. Aliuliza maswali kwa muda wa saa nzima, na karibu yote alimwuliza dereva. Asubuhi, injini ikiwa baridi, alifungua kifuniko cha rejeta, akaiwasha, akatazama kama kuna mapovu yanayotoka mfululizo, kwani moshi wa silinda ukipenya ndani ya maji huonekana kwa njia hiyo. Hayakuwapo. Silinda hedi ilikuwa nzima, na pengine ilikuwa nzima siku zote. Kisha akafunga geji mbili za muda, moja ya joto la maji na nyingine ya joto la moshi kabla haujaingia kwenye tabo, akieleza kwamba mshale wa geji ya kiwandani umetengenezwa utulie katikati hata joto linapopanda, na unapoanza kusogea muda umekwisha kupita.

Tukapanda mlima, tela likiwa limejaa lita 2,000, maana yake tani mbili za maji mbali na uzito wa tela lenyewe. Mimi nilikaa katikati na daftari. Chini ya mlima maji ya injini yalikuwa nyuzi joto 88. Kona ya tatu, nyuzi 99. Kona ya tano, nyuzi 106, na mvuke ukaanza. Moshi ulikuwa umefika nyuzi 740, na nyuma yetu barabara ilikuwa nyeusi.

Sasa yaliyopatikana. Naomba mnivumilie, maana kati yenu wapo wenye magari ya kuvuta matela ya nyanya na vitunguu, na jambo hili linawahusu.

Themostati haikuwapo. Fundi mmoja wa zamani aliitoa "ili maji yapite vizuri", nayo ni imani iliyoenea sana huku kwetu. Lakini katika injini hii themostati ina kazi mbili: maji yakipata joto huyafungulia njia ya kwenda kwenye rejeta, na papo hapo hufunga njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini bila kupoozwa. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji yetu ilikuwa inazunguka ndani kwa ndani, moto ukiongezeka juu ya moto.

Kifuniko cha rejeta kilikuwa na mpira uliokauka. Kwenye usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye mita 1,500 huchemka karibu na nyuzi 95. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo la baa 0.9 hivi, na kwa kuyabana maji huyafanya yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Chetu kilishikilia nusu ya hapo.

Feni nayo ina klachi yenye mafuta mazito ndani, ambayo huishika kwa nguvu hewa ya rejeta inapokuwa ya moto. Mafuta yalikuwa yamevuja. Injini ikiwa moto na imezimwa, fundi aliisukuma feni kwa kidole ikazunguka kama kitoto cha upepo. Kava linaloizunguka feni na kuilazimisha kuvuta hewa kupitia rejeta yote lilikuwa limetolewa wakati wa kufunga tabo kwa kuwa bomba halikupita. Tulilikuta stoo, chini ya viti vibovu vya kwaya. Kwenye tambarare hasara hiyo huonekana kidogo, kwa sababu mwendo wa gari wenyewe huleta hewa. Mlimani, kwa kilomita 20 kwa saa na tela nyuma, hewa yote unayoipata ni ile inayovutwa na feni.

Lililonishangaza zaidi ni pale alipoitoa intakula. Kwa mbele kila kitu kilikuwa kisafi, kwa maana gari huoshwa kila Jumamosi. Kati ya intakula na rejeta, mahali ambapo jicho halifiki, palikuwa na mbegu za nyasi, mabawa ya panzi na udongo vilivyoshikana kama godoro. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaosha uso.

Na mwisho ni pampu. Injini ya 1HZ huwasha dizeli kwanza katika chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, hivyo joto jingi huanzia kwenye hedi na kuingia katika maji. Aliyeifungua pampu aliiongezea dizeli wakati wote, hata pale ambapo tabo bado haijaanza kusukuma hewa ya kutosha. Dizeli isiyopata hewa ndiyo moshi ule mweusi, na joto lake hubaki kuwa kazi ya rejeta ya zamani. Takriban theluthi moja tu ya nishati ya dizeli hugeuka kuwa mwendo. Nyingine hutoka na moshi, na nyingine lazima maji yaibebe. Ukiongeza nguvu, umeongeza na joto, upende usipende. Aliyefunga tabo alifikiria kuvuta tu. Niliposikia hayo nilimkumbuka katekista wetu mmoja, ambaye kwa miaka mitatu tumemwongezea vigango, watoto wa komunyo ya kwanza na uhasibu wa ujenzi, kisha tunashangaa kwamba siku hizi hujibu watu kwa ukali.

Kazi ilichukua siku tisa. Themostati mpya, kifuniko kipya, klachi ya feni nyingine, kava limekatwa kidogo na kurudishwa mahali pake, rejeta imewekewa kiini chenye safu nyingi zaidi za mirija, taa kubwa zimeondolewa mbele ya hewa, na pampu imepunguzwa. Maji ya kisima chetu yana chumvi nayo huacha magamba ndani ya mirija, kwa hiyo sasa tunaweka kulanti nusu na maji safi nusu. Nguvu ya gari imepungua kidogo. Tulipanda tena na daftari lile lile: kona ya tano nyuzi 95, kileleni 97, moshi 610.

Narudi kwa dereva. Nilimwomba fundi aje mbele ya Halmashauri aeleze mashtaka yale matatu, moja moja. Gia ndogo: feni na pampu ya maji huzungushwa na injini, basi injini inayozunguka haraka hupoozwa vizuri kuliko ile inayojikongoja katika gia kubwa, kelele tulizozilaumu ndizo zilizokuwa zinaiokoa. Hita: ni rejeta ndogo ndani ya gari, na kila joto linalowatoa jasho akina mama ni joto lililoondoka kwenye injini. Kuacha injini ikiunguruma: ukiizima ghafla ikiwa moto, maji husimama, mafuta ya tabo husimama, na joto hukaa pale pale na kuunguza. Fundi alisema kwamba gari hili, kwa hali aliyolikuta, lingekufa zamani sana mikononi mwa dereva mwingine.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mwenyekiti alisimama, akaenda mpaka alipokuwa ameketi mzee yule, akamshika mikono yote miwili na kusema, "Utusamehe, baba." Mzee akajibu kwamba hana la kusamehe, ila angependa kuongezewa posho ya safari, ambayo haijabadilika tangu mwaka 2014. Imeongezwa.

Limebaki jambo moja ambalo halikuwapendeza wote. Tangi la lita 2,000 tumelibadilisha na la lita 1,500. Wapo waliosema kwamba kama gari limepona, kwa nini lipunguziwe mzigo, na kwamba safari tatu za juma zitakuwa nne na dizeli itaongezeka. Ni kweli, itaongezeka. Lakini mimi na fundi tumekataa, na masista wamekubaliana nasi: afadhali maji machache yanayofika kila mara.

Tela litaondoka kisimani kila Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, kabla jua halijapanda. Vijana wa jumuiya za bondeni watakaosaidia kujaza wafike saa kumi. Mtu yeyote asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, hata kama ni kwa nia njema, maana maji yale hurukia usoni. Na akina mama wanaouliza juu ya hita, dereva anasema haitawashwa tena, isipokuwa asubuhi za mwezi Juni, kwa maombi maalumu.

Wenu katika Kristo,
Paroko