Binamu wa Ngamia Katikati ya London



Jumamosi moja mwezi uliopita nilimchukua mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 7, tukaenda Vauxhall, kusini mwa mto Thames. Si mbali na stesheni ya treni pana shamba dogo la mifugo liitwalo Vauxhall City Farm, na kuingia ni bure. Nyuma ya ua walisimama wanyama wenye shingo ndefu na sufu nene. Mtoto akaniuliza, kwa Kiingereza kama ilivyo ada yake, iwapo hao ni kondoo.

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba hao ni alpaka, na jamaa yao si kondoo bali ni ngamia. Akanyamaza. Ndipo nilipotambua kwamba mjukuu wa mtu wa Mombasa hajapata kumwona ngamia, wala jina lenyewe halijui.

Basi tukaanza somo. Alpaka hana nundu, lakini mtazame mdomo: ule wa juu umepasuka kati, kama wa ngamia. Hucheua. Kila mguu una vidole viwili, na wayo wake ni laini. Akiudhika hutema mate! Asili yake ni milima ya Andes, hasa Peru na Bolivia, alikofugwa tangu maelfu ya miaka. Jike hubeba mimba yapata miezi 11 na nusu, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Sufu yake hunyolewa mara moja kwa mwaka. Ni nyepesi na yenye joto. Katika karne ya 19 Titus Salt wa Bradford alitajirika kwa kuisokota na kuifuma.

Lililomgusa zaidi mtoto ni hili: alpaka hafugwi peke yake. Akitengwa na wenziwe hudhoofika, kwa hiyo wafugaji huwaweka wawili, watatu au zaidi.

Njiani kurudi nyumbani, ndani ya basi, mjukuu wangu alilirudia neno "ngamia" mara kadhaa. Kisha akauliza, safari hii kwa Kiswahili: "Babu, tutakwenda lini kumwona?"

Ndugu zangu, wapelekeni watoto wakawaone alpaka. Lakini mfuatane nao, na muwatajie majina kwa lugha yetu. Tusipowatajia sisi, nani atawatajia?