Reli Mbili, Madeni Mawili

Miritini, Mombasa. Kabla ya kuingia stesheni tunaamriwa kupanga mabegi mstari mmoja na kusogea kando. Mbwa wa polisi anapita akinusa begi moja baada ya jingine. Ndipo tunapanda Madaraka Express, inayovutwa na kichwa cha dizeli. Tsavo reli inapita juu ya tuta refu lenye vivuko vya tembo chini yake. Nairobi ni mwendo wa takriban saa tano.

Dar es Salaam mambo ni umeme. Treni iitwayo Mchongoko inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na Dodoma inafika soga likiwa halijakolea. Kwa starehe, Dar imeshinda, sibishani na mtu.

Shauku yangu hasa ilikuwa kujua nani alitoa pesa. Mwaka 2014 Benki ya Exim ya China iliikopesha Kenya kwa mafungu mawili: dola bilioni 1.6 kwa riba isiyobadilika ya asilimia 2, na bilioni 1.63 kwa riba inayofuata Libor, kipimo cha soko la London, ikiongezwa asilimia 3.6. Fungu la pili ndilo chungu. Marekani ilipoanza kupandisha riba Machi 2022 kukabili mfumuko wa bei kwao, Libor ilipaa nayo. Hazina ya Nairobi ikawa inalipa zaidi kwa reli ileile na mabehewa yaleyale. Mwaka 2025 ikaamua kugeuza madeni hayo ya dola kuwa ya yuani.

Abiria hayaoni haya. Mwagizaji anayaona, maana tangu 2013 mizigo kutoka nje hutozwa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanzia asilimia 1.5. Jirani yangu wa kiti, muuza vipuri, alisema nauli yake alishailipa bandarini Kilindini.

Tanzania ilianza kwa fedha zake. Februari 2020 ikapata dola bilioni 1.46 kutoka kundi la wakopeshaji likiongozwa na Standard Chartered. Nyuma yao walisimama wadhamini wa serikali za Sweden na Denmark, ambao kazi yao ni kuzitafutia soko kampuni za kwao. Mkopeshaji mwenye mdhamini wa namna hiyo hana hofu kubwa, na hofu ndiyo hupandisha riba. Hata hivyo sipigi makofi mapema: dola ni dola, na shilingi ikiteleza deni linanenepa.

Tofauti nyingine iko sokoni. Kenya iliuza hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa, ya dola bilioni 2, mwaka 2014. Ilipokaribia kuiva, Februari 2024, ikauza nyingine ya bilioni 1.5 kwa gharama iliyozidi asilimia 10 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Tanzania haijaupitia mlango huo kwa mauzo ya wazi.

Reli ya Kenya ilifika Naivasha 2019 ikakaa hapo miaka, China ilipobana mkono. Tanzania, kati ya Isaka na Mwanza, Wachina wapo, ila huko wamekuja kama makandarasi.