Munganga hayuko ndani ya motokari, lakini anaona



Ambulansi inapopita katika kambi na sirene yake, vijana wanasema: ile inakimbia! Tunasifu mbio. Lakini wewe baba, wewe mama, niulize: ndani mule mugonjwa anapata nini? Kama ni kitanda na shofere tu, ile ni taksi ya kulala. Ona Musamaria wa Luka 10: alifunga vidonda kwanza, akatia mafuta na divai, ndipo akamupandisha yule mutu juu ya munyama wake.

Kule Ujerumani kuna muji unaitwa Aachen. Na wao ni watu wa mashimo kama sisi. Eneo lile lilichimba makaa miaka mingi sana, na shimo la mwisho lilifungwa mwaka wa 1997. Desturi ya kwao ni munganga mwenyewe kutoka na motokari kumufuata mugonjwa wa hatari. Lakini waganga hawatoshi hata kule (musishangae), na akiwa njiani kwa mumoja, hawezi kumusaidia mwingine. Basi tangu mwaka wa 2014 wameweka munganga katika biro, muchana na usiku, mbele ya maekrani. Walio ndani ya ambulansi wanaongea naye kwa vifaa vya masikioni. Mapigo ya moyo, tansio, oksijeni ya damu, vyote vinamufikia palepale, na kamera iliyo juu ndani ya motokari inamuonyesha mugonjwa. Anasema: mupe dawa hii ya maumivu, kiasi hiki. Anashauri pia hospitali gani inafaa. Akimaliza, anasaidia ambulansi nyingine bila kuondoka kitini.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka wa 1905, munganga Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alipitisha alama za moyo katika waya wa telefone, kutoka hospitali mpaka chumba chake cha kazi, kilometa 1 na nusu.

Mashini ya Aachen inatumia rezo za kompani mbalimbali kwa mara moja, maana moja inaweza kuanguka. Hapo sisi hatuhitaji kufundishwa! Na kama moyo wa mutu umesimama, munganga bado anatoka mwenyewe, kwa sababu kuna kazi ambayo sauti haiwezi.

Kwa hiyo kijana anayesema "tununue kamera" anaanzia mwisho. Munganga wa mbali hana mikono. Mikono ni ya infirmie. Bila infirmie aliyefundishwa, hata ekrani 10 ni bure. Akiwepo, basi katika barabara ndefu ile ya Kolwezi mpaka Likasi, hata telefone ya kawaida itamusaidia kumuuliza munganga kabla hali haijaharibika.

Ninyi wa sendika, musiulize tu kompani ina ambulansi ngapi. Ulizeni: nani anapanda pamoja na mugonjwa, na usiku anaita munganga gani?

Na siku ikifika mulangoni kwako, utaulizwa: ilianza saa ngapi? Taja saa yenyewe. Mutu aliyepooza gafula upande mumoja, kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tu, kisha kupiga picha ya kichwa. Na kama asubuhi alikunywa dawa ya mizizi, mama, usiifiche kwa sababu pasta amesimama pale. Sema yote, infirmie akiwa angali na telefone mukononi.