Ubao uliokosekana kwenye benchi

GOMA – Ukiingia katika kalasi ya shule ya msingi pembeni ya mji wa Goma, upande wa barabara ya Rutshuru au ile ya Sake, usitazame kwanza ubao mweusi. Tazama mabenchi. Kwenye mengine ubao wa kukalia haupo, kwenye mengine mguu mmoja umekatwa, watoto wameegemeza jiwe la volkano mahali pake. Ule ubao ulipikia maharagwe. Wazazi wanajua, walimu wanajua, na wapo wasikilizaji wa habari hizi wanaojua kuliko wote, kwa sababu walilala katika kalasi hiyo na watoto wao.

Wengine wanasema: wakimbizi waliharibu shule yetu. Neno hilo linauma. Ili kulipima vizuri, inafaa kurudi nyuma na kuangalia hayo mabenchi yalitoka wapi, na nani aliyalipa.

Mwanzo haukuwa na benchi. Kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, kuna Mpala. Afisa Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo pale mwaka 1883, na mwaka 1885 kikaingia mikononi mwa wamisionari wanaoitwa Mapadri Weupe. Baadhi ya watoto wa kwanza waliofundishwa katika misheni za ziwa hilo walikuwa wamekombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Hawakutoka kabila moja wala kijiji kimoja. Lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili, kilichokuwa kimefika na misafara, na kwa Kiswahili walisoma. Ni hapo Mpala alipopita kijana Stefano Kaoze, aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917, Mkongomani wa kwanza kuupata katika nyakati hizi. Kwa hiyo watu wanaosema kwamba mtoto mkimbizi hawezi kusoma wakumbuke kwamba shule za kwanza za mashariki mwa nchi hii zilianza na watoto waliopotezwa na kwao.

Huku Kivu misheni ilifika Nyangezi mwaka 1906, kisha nyingine zikafuata. Lakini shule ambayo mababu wengi waliijua haikuwa ya misheni kubwa yenye matofali. Ilikuwa ya mkatekista, kijijini: nguzo za miti, nyasi juu, hakuna ukuta. Kengele ilikuwa ngoma, baadaye kipande cha chuma kilichoning'inizwa kwenye mti. Watoto walikaa juu ya jiwe au gogo. Wino na karatasi vilikuwa vya misheni. Kijijini waliandika kwenye mchanga, na aliyebahatika kwenye ardwazi. Mpango wa mwaka 1929 uligawa shule ya msingi vipande viwili: miaka miwili ya kwanza, kisha mitatu kwa wachache. Watoto wengi waliishia kwenye hiyo miwili. Wasichana walikuwa kidogo sana.

Pesa nazo zilichagua dini. Tangu mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilisaidia shule za misheni za Kikatoliki za Wabelgiji. Waprotestanti walingoja hadi 1948. Shule za serikali zisizo za kanisa, zilizofunguliwa kwa watoto Waafrika, zilikuja mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Auguste Buisseret, miaka sita kabla ya uhuru. Ndiyo maana hata leo mtu akiuliza shule fulani, jibu la kwanza ni kanisa lake: ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu, ya Waislamu. Serikali hutajwa mwisho, kama inatajwa.

Na matofali? Yalibebwa na wazazi na watoto. Mzee aliyesoma misheni bado anakumbuka uzito wa tofali kichwani, safari ya kutoka tanuru hadi kwenye jengo, kabla ya somo la hesabu. Yale majengo marefu yenye matofali mekundu na miti ya mikaliptusi mbele yake, ambayo watu wanayaita ya Wazungu, yalisimama kwa shingo za watoto.

Baada ya uhuru wa 1960 kila mzazi alitaka mtoto wake asome, na kwa Kifaransa. Mpango wa mwaka 1962 uliweka Kifaransa tangu darasa la kwanza. Watoto walijifunza kujibu salamu ya mwalimu kwa sauti kubwa kabla ya kujua wamesema nini. Baadaye lugha za nchi zikarudi katika madarasa ya chini, na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inasema wazi kwamba lugha za taifa au za mahali zinatumika kufundishia. Mpala walikuwa wamekwisha kuliona hilo. Lakini mambo haya ya lugha yana marefu yake, tuyaache.

Mwishoni mwa mwaka 1974 Mobutu alizichukua shule za makanisa. Misalaba ikatoka ukutani, somo la dini likapisha mafundisho ya chama cha MPR. Haikudumu. Mwaka 1977 mapatano yalitiwa sahihi: kanisa linaongoza shule, serikali inalipa walimu. Ni mpango huo unaotawala shule nyingi za serikali hadi sasa, na nusu yake ya pili ndiyo iliyovunjika. Mshahara wa mwalimu ulishuka mwaka hadi mwaka, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu wakagoma na shule zikafungwa muda mrefu. Hapo ndipo neno moja lilipoingia nyumbani kwa kila Mkongomani na halikutoka kwa karibu miaka thelathini: prime.

Prime ilikuwa pesa ambayo mzazi alimlipa mwalimu kwa sababu serikali haikumlipa ipasavyo. Mwanzoni ilisemwa ni ya muda. Kila mwisho wa mwezi direkta aliingia kalasini na orodha, akasoma majina, na waliosomwa wakachukua daftari zao na kutoka. Mtoto aliyefukuzwa hakwenda moja kwa moja nyumbani. Alizunguka sokoni, alikaa kando ya uwanja wa mpira, kwa sababu nyumbani alijua hakuna kitu. Mama mwenye watoto watatu shuleni, anayeuza makala au ndizi, alifanya hesabu usiku: mmoja aendelee, mmoja angoje mwezi ujao, na wa tatu, mara nyingi msichana, abaki kumtunza mdogo wao. Yuko wapi leo yule msichana? Ana miaka thelathini na kitu, na akiletewa karatasi na shirika la misaada anatia kidole gumba.

Hata hivyo prime ilifanya jambo lingine, na hili husahauliwa. Iliifanya shule iwe ya wazazi kweli. Serikali iliyokuwa mbali haikuleta mabati, hivyo komite ya wazazi iliyanunua, shuka kwa shuka. Mbao ziliteremka kutoka Masisi na Rutshuru, zikapakiwa juu ya chukudu, na vijana wakazisukuma hadi kwenye kiwanja cha shule. Seremala alilipwa nusu kwa pesa na nusu kwa kusamehewa prime ya mtoto wake. Hiyo ndiyo bei ya benchi.

Kisha Nyiragongo. Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, moto ulishuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya mji wa Goma na kufika ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi. Waliporudi, kulikuwa na mitaa ambamo hata mahali shule iliposimama hapakujulikana. Kulikuwa na jiwe jeusi tu, bado lina joto. Mabenchi yaliteketea, na pamoja nayo vitabu vya majina, maana yake mtu hakuweza tena kuonyesha kwamba alimaliza darasa la sita.

Goma haikungoja. Mawe yaleyale yaliyozika shule yalivunjwa kwa nyundo na kuwa ukuta. Juu ya lava ikasimama nyumba ya mbao, na kabla ya mbao ilikuwa bashi. Waliosoma kwenye kalasi ya bashi wanaijua: saa nne joto linapanda mpaka watoto wanasinzia, na mvua ikinyesha mwalimu ananyamaza kwa sababu hakuna anayemsikia. Polepole bashi ikawa mbao, mbao ikawa ukuta. Mwaka 2021, Jumamosi jioni tarehe 22 Mei, mlima ukafanya tena, safari hii ukasimama Buhene, ukingoni mwa mji, na shule za upande ule zikaanza upya kutoka bashi.

Katikati ya hayo kulikuja habari njema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilikuwa imesema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi miaka kumi na mitatu. Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi, yalianza kutekelezwa. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na kuuza maji walijaa uwanjani. Kalasi zilipita watoto mia moja, benchi la watatu likabeba watano, wengine wakarudi kwenye jiwe kama babu zao. Walimu wengi ambao majina yao hayakuwa kwenye orodha ya malipo walipoteza prime na hawakupata mshahara. Bado ilikuwa habari njema. Anayebisha amuulize yule mama wa makala.

Wakati watu wanazungumza juu ya shule ya kisasa, wanataja jengo la saruji, mabati ya rangi, sola juu ya paa. Yapo, na yanapendeza. Lakini wasichana wa darasa la sita wangetaja kitu kingine kwanza: choo chenye mlango unaofunga, na maji karibu. Shule yenye kompyuta moja ofisini mwa direkta na choo kimoja kwa wote bado iko nyuma.

Vita viliporudi na M23 kuchukua Bunagana Juni 2022, kisha kusonga ndani ya Rutshuru, familia zilishuka kuelekea Goma. Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo: majina hayo yalijaa mahema. Kabla ya kupata hema, wengi walilala shuleni. Kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Saa kumi na moja asubuhi akina mama walikunja mikeka, wakatoa masufuria nje, wakafagia. Saa moja na nusu watoto wa shule waliingia, na wale waliolala humo walikaa nje ya ukuta wakisikiliza somo lililokuwa likitolewa katika chumba chao cha kulala. Saa saba wakarudi ndani.

Na kupika? Kuni zilikuwa ndani ya Hifadhi ya Virunga. Wanawake waliokwenda huko walibakwa, wengine hawakurudi. Kila familia iliyokaa kwenye kambi zile inamjua mmoja wao. Benchi lilikuwa hatua tatu kutoka kwenye moto. Usiku mtoto analia njaa, mama anatazama ule ubao. Anajua ni wa nani, kwa sababu kwao Kiwanja au Tongo na yeye alichanga kwa ajili ya mabenchi kama hayo. Wengi hawakuugusa. Waliougusa, waliugusa hivyo. Na si wao peke yao: watu wenye silaha wamepita katika shule nyingi za Kivu, na wao walikuwa na nguvu za kwenda msituni.

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na mwezi uliofuata kambi zikaondolewa. Familia zilibeba mizigo kurudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Kule wengine walikuta shule haina mabati wala fremu ya mlango. Benki za mji zilikuwa zimefunga, na mwalimu aliyekuwa akipokea mshahara wake benki akaanza kutafuta njia nyingine ya kuupata, au kulima. Wazazi waliobeba buletini za watoto ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na karata ya kura, waliweza kuwaandikisha mara moja. Waliozipoteza njiani hutegemea moyo wa direkta. Direkta mwenye busara humpa mtoto kitabu, anamwambia asome mistari mitano, anampa hesabu mbili, na kumweka panapomfaa. Asiye na busara humrudisha darasa la kwanza mtoto wa miaka kumi na moja, na huyo baada ya wiki mbili haonekani tena.

Sasa limebaki swali la ubao. Zamani komite ingeita mkutano, kila mzazi angetoa kidogo, seremala angekuja. Leo shule ni ya bure, na direkta akiomba mchango anaweza kushitakiwa. Pesa za serikali za kuendesha shule huchelewa, au hazifiki. Hakuna anayetaka prime irudi. Lakini ubao mmoja wa benchi hauna mwenye kuulipia.

Katika shule kadhaa wazazi wamepata njia ya katikati: hawatoi pesa, wanaleta kitu. Mmoja misumari, mwingine kipande cha mbao kilichobaki alipojenga, mwingine nusu siku ya kazi na msumeno wake. Wakimbizi waliobaki mjini kwa jamaa zao nao wanaleta. Baba mmoja anasukuma chukudu hadi mlangoni, anashusha mbao mbili, hasemi ni za nini, na kalasi ya tatu inakaa.