Zama za Kumi-Ishirini

Mpwa wangu anasomea uuguzi hapa Eldoret. Juzi nilitaja "kumi-ishirini" akanikodolea macho. "Mjomba, hiyo ni nini?" Na kijana mwenyewe kazaliwa 2004, mwaka ule ule sera hiyo ya afya ilipoanza! Sijui wanafundishwa nini.

Kabla ya hapo tulikuwa na ada za matibabu. Nimehakiki: zilianza Desemba 1989, zikasitishwa 1990, zikarudishwa baadaye. Basi, tarehe tuziache. Ninayemkumbuka ni mzee wa kibanda kilichoelekeana na lango la zahanati yetu. Aliuza sukari ya kupima, mafuta ya taa na madaftari. Zahanati haikuwa na kadi, mgonjwa alikwenda na daftari lake. Mzee alilikata la kurasa 32 kwa wembe, kwa upana, ili kila nusu ibaki na pini yake: moja yako, nyingine ya atakayefuata. Aliyekosa hata pesa ya nusu alikopeshwa, jina likaandikwa nyuma ya pakiti ya sigara. Daftari liliingia kwa nesi likinuka mafuta ya taa, likatoka likinuka spiriti. Ndani: klorokwini, panado, rudi baada ya siku tatu.

Ada ilipobana, benchi la zahanati lilibaki wazi. Watu hawakuwa wamepona. Walikaa nyumbani hadi wabebwe. Mzee alijua kabla ya Wizara, maana madaftari yalimdodea.

Kisha 2004 ikaja kumi-ishirini: shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, benchi likajaa tena. Mwaka 2013 hata hizo zikafutwa. Mwaka 2023 ikapitishwa Sheria ya Huduma ya Msingi ya Afya, na wahamasishaji wa afya wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na mikoba na simu. Vizuri. Lakini mtaani kwetu unasajiliwa kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), unapimwa bure, halafu unaandikiwa dawa ukanunue dukani. Ndiyo maana mtu mwenye kikohozi anaipita zahanati na kwenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Moi, inayotegemewa na magharibi yote ya Kenya.

Kaunti ya Uasin Gishu inapoita wananchi kujadili bajeti, msiwaachie wenye hoja za barabara peke yao. Nendeni mkaulize: fungu la dawa za zahanati ni shilingi ngapi, na zilitolewa mwezi gani?