Matrekta ya Motakaa Kuukuu Katika Nchi ya Sweden

Msafiri apitaye njia za mashamba katika nchi ya Sweden hukuta motakaa za ajabu: mbele ni gari la kawaida, nyuma ni kijukwaa cha mizigo na pembetatu nyekundu, nazo haziruhusiwi kupita kilometa 30 kwa saa.

Asili yake ni shida. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ingawa nchi hiyo haikupigana, matrekta yalikuwa haba. Basi wakulima walitwaa motakaa kuukuu, wakazikata nyuma, wakafunga sanduku la pili la gia nyuma ya lile la kwanza. Ujanja wote upo hapo: la kwanza hupunguza mwendo, la pili hupunguza tena, hata injini iliyozoea kukimbiza abiria ikapata nguvu za kukokota plau. Watu waliziita EPA, jina la maduka ya bei rahisi. Ni mzaha, lakini shamba lililimwa.

Leo wakulima wana matrekta ya kiwandani, na magari hayo yamekuwa ya vijana, kwani mwenye miaka 15 aweza kuyaendesha akiwa na leseni ndogo; mahali pasipo na basi hilo si jambo dogo. Ila ajali zilizidi, na tangu mwaka 2023 kila abiria hana budi kuketi kitini na kufunga mkanda.