Mashine ya Kukata Nyasi ya Mzee

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu, na safari hii wa kulaumiwa si mteja wala mtandao kukatika. Nilikuwa natafuta mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia na kuendesha kama trekta ndogo. Najua hapa huwa tunaongea mambo ya tarakilishi, lakini nivumilieni. Mtaona mengi ni yale yale.

Boma la babangu liko nje ya Eldoret, na nyasi zake ni ekari moja na nusu. Mzee ana miaka 74 na goti lake la kushoto limechoka. Miaka yote amesukuma mwenyewe mashine ndogo ya inchi 21, kwa sababu kila kijana anayeandikwa "hakati sawasawa". Desemba nilimkuta ameketi kwenye nyasi, mashine inanguruma kando yake. Ile fimbo ambayo ukiiachilia injini huzima, alishaifunga kwa mpira wa tyubu. Aliniambia anapumzika. Hakuwa anapumzika, alikuwa ameshindwa kuinuka.

Basi nikafanya lile ninalolijua: nikaandika programu ya mistari kumi. Upana mara mwendo. Mashine ya inchi 21 kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa inamaliza boma kwa karibu saa tatu bila kusimama. Ya kukalia yenye upana wa inchi 42, kwa kilomita 6 kwa saa, inamaliza kwa kama saa moja na robo ukihesabu kona na kurudia kingo. Ya inchi 54 ingekuwa haraka zaidi, ila haipiti kati ya miparachichi. Hesabu ikaisha hapo, shida zikaanza.

Kwanza ni nguvu. Wauzaji wote wanakutajia nguvu za farasi. Lakini Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na taboo hupoteza takriban asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Farasi 17 wa kwenye kibandiko wanafika Eldoret wakiwa 13 na nusu hivi. Tena kabureta iliyopimwa kwa nchi tambarare inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, plagi inajaa masizi meusi. Ndiyo maana vitabu vya injini hizi vinataka kabureta irekebishwe ukipita kama mita 1,500. Muuliza muuzaji jambo hilo. Kati ya wanne niliowauliza, mmoja tu alijua ninazungumzia nini.

Na nyasi zetu si mchezo. Kikuyu asili yake ni nyanda hizi hizi za juu, na huko Australia na California walikoipeleka inawasumbua kwa jinsi inavyotambaa na kusukana kama mkeka. Ukiiacha wiki tatu za mvua, hata mashine kubwa inakohoa.

Mashine ya kwanza niliyoiona ilikuwa Nairobi, mtumba, "ya 2016". Rangi inang'aa. Injini yake ilikuwa Briggs & Stratton, na hawa jamaa hugonga namba kwenye chuma: tarakimu mbili za kwanza za ile namba waiitayo kodi ni mwaka injini ilipotengenezwa, mbili zinazofuata ni mwezi, kisha siku. Namba ilianza na 07. Muuzaji akasema pengine injini ilibadilishwa. Pengine.

Nikakaa, nikawasha visu, kisha nikajiinua kidogo kitini. Kwa kawaida injini inatakiwa kuzima pale pale, kwa sababu chini ya kiti kuna swichi inayojua kama mtu yupo. Haikuzima. Nikainua kiti: nyaya mbili zimesokotwa pamoja na kufungwa tepu. Wenzangu waandishi wa programu wanaijua tabia hii. Jaribio limefeli, kwa hiyo unafuta jaribio. Nikamfikiria Mzee na goti lake, kwenye ule mteremko wa kuelekea mtoni, akianguka huku visu vinazunguka. Niliondoka bila hata kuuliza bei ya mwisho.

Ya pili ilikuwa ya mtu binafsi aliyekuwa anahama. Haina klachi, unabonyeza pedali tu, oili yenye shinikizo ndiyo inayosukuma magurudumu. Fundi wangu anapendelea gia za kawaida kwa vile anaweza kuzifungua, na ana haki, kwani nyingi za hizi ndogo za oili zimefungwa moja kwa moja. Lakini klachi inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Goti likaamua.

Ubaya wa aina hii hauonekani ikiwa baridi. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na pampu iliyochakaa hushindwa kupanda kilima. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa dakika tano. Mimi niliomba nikate nyasi zake zote, nusu saa na zaidi, kisha nikaipandisha mlima nyuma ya nyumba. Ikapanda. Nikalipa.

Wiki ya pili Mzee akapiga simu. "Mashine yako inazima kila nikipita kwenye vichuguu vya fuko. Fundi wa hapa anasema ataunganisha waya." Nikamwambia, "Baba, tafadhali asiiguse." Jumamosi nikapanda matatu. Kumbe Mzee ni mwepesi, na chemchemi za kiti zilikuwa ngumu kwa uzito wake. Nililegeza kiti, nikaweka washa mbili chini ya swichi kuiinua. Haijazima tena, isipokuwa anapoinuka. Analalamika hilo pia.

Kilichobaki ni belti ya akiba. Ile ya kisiagi inaingia, lakini haikutengenezwa kuteleza na kushika kila mara visu vinapowashwa, ikaungua siku ya tatu. Nimezunguka Kirinyaga Road yote. Anayejua duka lenye belti halisi ya inchi 42, aniambie kabla mvua za Aprili hazijaanza.